Seva, mawakili na faili tatu

Nimepotea kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana kweli kweli. Sasa wiki hii hosteli kumezuka tena ule ubishi usioisha: seva uiwekee nini, Linux, FreeBSD au Windows? Jamaa wa Linux wana jibu moja tu, kwamba Linux imeshinda kwa sababu ndiyo bora, mjadala umefungwa. Mimi hapo nakataa. Naitumia Linux kila siku na naipenda, lakini ukisoma historia unakuta mawakili wana mchango wao mkubwa kwenye ushindi huo.

Turudi nyuma kidogo. Unix ilizaliwa mwaka 1969 Bell Labs, maabara za kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. AT&T walikuwa wamefungwa na makubaliano na serikali yao ya mwaka 1956, wasifanye biashara nje ya mambo ya simu. Kwa hiyo Unix wakawapa vyuo kwa bei ndogo, pamoja na msimbo wake. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaichukua na kuanza kuongeza ya kwao. Hiyo ndiyo BSD. Toleo lao la 4.2 la mwaka 1983 lilisaidia sana kusambaza TCP/IP, yaani lugha ambayo kompyuta zinaongea kwenye intaneti mpaka leo.

Mwaka 1984 AT&T ikavunjwa vipande, na kile kifungo cha biashara kikaondoka. Leseni zikapanda bei. Watu wakaanza kuwauliza Berkeley: hivi ile sehemu mliyoandika wenyewe hamuwezi kuitoa peke yake?

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Keith Bostic wa Berkeley akaomba watu wa kujitolea kupitia mtandao, waandike upya programu ndogondogo za Unix kwa kufuata maelezo ya kazi zake tu, bila kunakili msimbo wa AT&T. Malipo? Jina lako kuorodheshwa pembeni ya programu uliyoandika. Basi. Ndani ya miezi 18 karibu programu zote muhimu zilikuwa zimeandikwa upya. Halafu Bostic, Mike Karels na Kirk McKusick wakakaa chini kuchambua kiini cha mfumo, faili moja baada ya nyingine. Mwishoni zikabaki faili sita tu ambazo hazikuweza kusafishwa kirahisi. Juni 1991 wakatoa kazi yote bila hizo sita, ikaitwa Net/2. Bill Jolitz akaziba pengo la zile sita, na mwaka 1992 watu wakapata 386BSD, Unix ya bure inayokaa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Kumbe wakati huo kuna kampuni, BSDi, imeanza kuuza mfumo uliotokana na Net/2. Na wajanja hao wakaweka tangazo lenye namba ya simu 1-800-ITS-UNIX. Jamani! Unamchokoza simba halafu unampa na anwani yako. AT&T kupitia kampuni yake ya Unix, USL, ikafungua kesi mwaka 1992, na baadaye Chuo cha California nacho kikaunganishwa. Machi 1993 jaji akakataa kutoa zuio, lakini kesi ikaendelea. Chuo nacho kikawageuzia kibao: System V ya AT&T ina msimbo wa Berkeley, mbona hamkututaja kama leseni inavyotaka?

Novell waliinunua USL mwaka 1993, na mapema 1994 mambo yakamalizwa nje ya mahakama. Sasa sikiliza matokeo. Kati ya faili kama 18,000, tatu ziliondolewa. Nyingine kama 70 zikaongezewa tamko la hakimiliki ya USL, na chache zikarekebishwa kidogo. Karibu miaka miwili ya vitisho, kwa ajili ya faili tatu!

Lakini miaka hiyo miwili haikuwa ya kawaida. Nani angeijengea kampuni yake juu ya mfumo ambao kesho unaweza kupigwa marufuku? Na huku Helsinki, mwanafunzi wa miaka 21, Linus Torvalds, alishatangaza Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo wake kama kajimradi ka kujifurahisha. Linux haikuwa na kesi. Toleo 1.0 likatoka Machi 1994. FreeBSD, ambayo ilianza 1993 kutokana na 386BSD, ililazimika kuachana na Net/2 na kujijenga upya juu ya msimbo uliosafishwa. Toleo lao 2.0 likatoka Novemba 1994. Mtandao ndio kwanza unalipuka, na mwenzako ameshatangulia. Torvalds mwenyewe alisema kwenye mahojiano mwaka 1993 kwamba 386BSD ingekuwepo alipoanza, pengine Linux isingetokea.

Wapo wanaosema Linux ingeshinda tu, kwa kuwa ilikaribisha kila mtu na leseni yake ya GPL inawalazimu wanaosambaza toleo walilolibadilisha kutoa na msimbo wake. Kuna ukweli hapo. Ila nguvu ya umati inataka umati kwanza, na umati ulikusanyika wakati mlango wa jirani umewekewa kufuli.

Na wale wa Windows msinune, nanyi mna kisa chenu. Microsoft walipoinunua Hotmail Desemba 1997 waliikuta ikiendeshwa na FreeBSD na Solaris. Mpaka mwaka 2000 ndipo wakaanza kuhamishia seva za mbele kwenye Windows 2000. Mwenye mfumo wake mwenyewe alichukua zaidi ya miaka miwili!

FreeBSD haikufa lakini. Januari 2012 WhatsApp walieleza kwamba seva yao moja ya FreeBSD inabeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa mara moja. Netflix wanasambaza video zao kwa mashine za FreeBSD. Na kwetu huku, warsha za AfNOG, zilizofundisha mafundi wengi wa mitandao Afrika na ambazo mwaka 2011 zilifanyika Dar es Salaam, kwa miaka mingi zilifundishia FreeBSD. Kwa hiyo ukikutana na fundi wa zamani wa kampuni ya intaneti anayeisifia, usidhani amepitwa na wakati. Muulize, ana mengi.

Ya Solaris nitaandika siku nyingine, nayo ina msiba wake.