Gliserini: mafuta ambayo si mafuta

Mwezi wa sita na wa saba, kule Lubumbashi, baridi inakausha ngozi za watoto mpaka zinageuka nyeupe kama zimemwagiwa unga. Hapo kila mama anatafuta chupa yake ya gliserini. Tukiwa wadogo walituonya: « Changa na mayi kwanza, usipakale yenyewe tupu! » Tulifikiri ni ubahili, chupa isiishe mbio. Kumbe walikuwa na haki. Gliserini haifuniki ngozi kama mawese. Kazi yake ni kuvuta maji. Hewa ikikauka sana, na wewe umepakala gliserini tupu, itayavuta maji kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe.

Wengi wanasema hayo ni mambo ya Wazungu. Kwa jina, ndiyo. Mwaka 1779 Scheele, mfamasia wa Sweden, aliipata katika mafuta ya zeituni, na baadaye Mfaransa Chevreul akaipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya « tamu ». Lakini kitu chenyewe kilikuwa tayari jikoni mwetu. Bibi zetu walichuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, wakayapika na mawese mpaka sabuni ikashikana. Maji yale makali yakikutana na mafuta yanazaa vitu viwili, sabuni na gliserini, na bibi hakuvitenganisha. Kiwanda ndicho kinachotia chumvi: sabuni inapanda juu, gliserini inabaki katika maji ya chini, halafu inauzwa peke yake.

Na soko halikukosekana. Sobrero, Mwitalia, aligeuza gliserini kuwa nitrogliserini mwaka 1847, na mwaka 1867 Nobel akatoa baruti yake, dinamiti. Sabuni ya mtoto na baruti ya mgodi, tumbo moja!

Ndipo ikaja zamu ya ngazi zetu. Mwaka 1911 William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, alipatana na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, iliruhusiwa kuchukua mpaka hektari 750.000. Lusanga, huko Kwilu, ikaitwa Leverville. Wanaume walipanda ngazi kukata vichane, wengi kwa kulazimishwa, kodi ikiwafuata nyuma. Mwaka 1931, malipo yakiwa yameshushwa na kodi ikikaza, Wapende waliasi. Askari wa Force Publique waliua watu kwa mamia.

Wakati tunasimulia mambo ya urembo wa mama zetu, wakataji hao hatuwataji. Sisi pia tulikuwa hivyo, mpaka mzee mmoja alipotuuliza juu ya nini tunaita gliserini « mafuta ya Wazungu », na nani alipanda mti. Chupa tunayonunua sokoni leo inaonyesha bei na jina la duka la dawa. Mti haumo.