Sehemu ya 6: Kadi ya njano, barakoa, na mtoto ambaye hajafikia umri wa sindano

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na surua. Surua itasubiri kidogo. Kuna mama kaniuliza swali kliniki nikamjibu kwa mkato, kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nimefika nyumbani, nimekaa jikoni, ndipo nikaona nimemjibu vibaya.

Swali lenyewe ni hili. Yeye na mume wake wanatimiza miaka kumi ya ndoa. Wamedunduliza hela ya vicoba na ya maharage, wanataka kwenda Zanzibar siku nne, waione bahari na watoto wao. Basi mpaka Dar, halafu boti. Mtoto mkubwa ana miaka minane, mdogo miezi saba. Sasa jirani kamwambia bila kadi ya njano hupandi boti, na mwingine kaongeza kwamba mtoto asiye na chanjo anarudishwa bandarini na mama yake. "Dada nesi, nimchome au nisimchome?"

Nikamwambia, "Usimchome, hajafika miezi tisa." Hapo nilikuwa sahihi. Akauliza, "Kwa hiyo watatukatalia?" Nikamjibu, "Aa, hizo sheria za meli wanajitungia tu." Hapo nilikosea, na kuna kosa lingine kubwa zaidi nitalisema mbele. Ngoja kwanza niwape historia, maana hizi sheria hazikuanza na korona.

Meli ni nyumba iliyofungwa. Watu wanakula pamoja, wanalala karibu karibu, wanatumia choo kimoja, halafu wanashushwa wote kwenye mji mwingine. Ndiyo maana miji ya bahari iliogopa meli karne nyingi kabla ya kumjua kirusi. Ragusa, mji ambao leo unaitwa Dubrovnik, mwaka 1377 uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku thelathini kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa arobaini, na kwa Kiitaliano arobaini ni quaranta. Neno letu karantini limetoka huko.

Kwetu pwani tulikuwa na sababu zetu za kuogopa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Zanzibar. Daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, alikaa akafuatilia njia ya ugonjwa akaandika kitabu kizima, kikatoka 1876. Kwa maelezo yake, safari hiyo kipindupindu hakikuletwa na meli kutoka ng'ambo. Kilitoka bara, kikapita nchi ya Wamasai, kikafika Pangani, ndipo kikavuka maji kuingia Unguja. Hebu simama ukingoni hapa kwetu mlimani, uangalie chini kule tambarare mto Pangani unakoelekea. Tumezoea kusema magonjwa yanatoka pwani yanapanda kwetu, kumbe mara nyingine ni watu wa huku bara tuliowashushia wenzetu.

Mwaka 1893, Uingereza ikiwa imeshaiweka Zanzibar chini ya himaya yake, Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alianza kujenga gereza kwenye kisiwa cha Changuu, ng'ambo kidogo tu ya Mji Mkongwe. Ndicho wanachokiita Kisiwa cha Gereza. Gereza halikufanya kazi yake. Kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini cha meli za Afrika Mashariki. Abiria wanaoshukiwa kubeba homa ya manjano na magonjwa mengine walishushwa pale, wakakaa wiki moja hadi mbili wakiangaliwa, wakiwa wazima wanaendelea na safari. Na sikiliza hii: karantini ilikuwa kati ya Desemba na Machi. Miezi mingine, kisiwa kilekile watu wenye nafasi walikwenda kupunga upepo. Mwaka 1919 wakaletwa kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli, na hao kobe ndio watalii wanapiga nao picha mpaka leo. Kwa hiyo mapumziko ya baharini na karantini vimeshalala kitanda kimoja zamani sana, hapahapa kwetu.

Karantini ya kuhesabu siku ina ukali wake, ila kitu kimoja haina: haiulizi umri. Mzee, mama, kichanga, wote mnakaa, siku zikiisha wote mnaondoka. Swali la mama yangu wa kliniki lisingekuwepo.

Lilikuja na sindano. Mwaka 1937 Max Theiler na wenzake walipata chanjo ya homa ya manjano iliyofanya kazi vizuri, na mwaka 1951 akapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo, badala ya kukaa kisiwani wiki mbili, ukaweza kuonyesha karatasi. Ndiyo hiyo kadi ya njano. Inaanza kukubalika siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 inadumu maisha yote. Zamani ilikuwa miaka kumi, kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia kadi yako "imeexpire" na ulichanjwa sawasawa, mwambie aangalie upya.

Karatasi ikaleta kundi jipya la watu: wale ambao sindano yenyewe haiwafai. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto chini ya miezi sita hachomwi kabisa, kwa sababu inaweza kumletea uvimbe wa ubongo. Miezi sita hadi minane ni pale tu kuna mlipuko na hatari ni kubwa. Kawaida ni miezi tisa na kuendelea. Na sasa lile kosa langu: mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa naye anashauriwa asichanjwe kama safari si ya lazima, maana imewahi kutokea kirusi cha chanjo kikapita kwenye maziwa. Mimi nilimkataza mtoto, mama mwenyewe sikumuuliza! Na yeye alikuwa amepanga ashuke Same achomwe Jumatatu, ili "angalau mimi niwe na kadi." Nilimpigia usiku uleule. Mtandao wa huku mnaujua, nilipanda mpaka karibu na kanisa ndipo simu ikaita.

Haya, tuje kwenye korona, maana huko ndiko swali la mtoto lilipokuwa kubwa duniani kote.

Tarehe 3 Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess ilifika Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong alikuwa amekutwa na korona. Serikali ya Japani ikawazuia wote humo humo. Abiria wakafungiwa vyumbani siku kumi na nne. Lakini nani alipika? Nani alipeleka chakula mlango kwa mlango? Wafanyakazi, zaidi ya elfu moja, ambao walilala wawili wawili chumbani na kula pamoja chini huko. Hao hawakuwa kwenye karantini yoyote ya maana. Mwisho wa yote walioambukizwa walikuwa 712. Sisi manesi tuliisoma ile habari kwa macho mengine kabisa: ukimfungia mgonjwa ukamsahau anayempelekea uji, hujafunga kitu.

Siku hizohizo meli nyingine, Westerdam, ilizunguka baharini inakataliwa: Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam, Thailand. Kambodia ikaipokea Sihanoukville tarehe 13 Februari. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, Marekani ikasimamisha safari za meli za kitalii.

Kwetu mnakumbuka. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, ndoo za maji tiririka zikawekwa kila duka. Baadaye takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509, hazikuendelea kutolewa. Mei karantini ya siku kumi na nne kwa wageni ikaondolewa. Tulipiga nyungu, tulikunywa tangawizi, barakoa ya kitambaa ikakaa mfukoni mpaka ikachakaa. Sitaki kurudia ubishi wa wakati ule, umeshagawa familia za kutosha. Nasema tu kwamba tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera Dar es Salaam, siku chache baada ya dozi 1,058,400 za chanjo ya sindano moja kuingia nchini. Chanjo ilikuwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Na mimi nesi wenu, nikiwa na makoti yangu meupe, nilichelewa wiki tatu. Niliogopa. Nilikuwa nawaambia wengine "nitachomwa kesho."

Sasa angalia meli zilivyorudi. Tarehe 26 Juni 2021 Celebrity Edge ilitoka Florida, ya kwanza kutoka Marekani na abiria wa kulipa tangu kusimamishwa. Kanuni ilikuwa hivi: meli ikitaka kuruhusiwa mapema bila safari za majaribio, asilimia 95 ya abiria wawe wamechanjwa, na asilimia 98 ya wafanyakazi. Mimi nilijiuliza, hiyo asilimia tano inayobaki ni ya nani? Sehemu kubwa ni watoto. Wakati ule Marekani chanjo ilikuwa kuanzia miaka 12. Watoto wa miaka 5 hadi 11 waliruhusiwa Novemba 2021, na wadogo kabisa Juni 2022. Kwa hiyo kampuni zikagawanyika. Norwegian ilisema kila anayepanda awe amechanjwa, maana yake familia yenye mtoto wa miaka kumi ikabaki nyumbani. Kampuni nyingine zikampokea mtoto kwa kipimo na barakoa sehemu za ndani. Wakati huohuo jimbo la Florida lilikuwa na sheria ya kukataza kampuni kumdai mteja cheti cha chanjo, wakapelekana mahakamani. Serikali ya Marekani ilifunga mpango wake wa korona kwa meli tarehe 18 Julai 2022, kila kampuni ikaamua yenyewe.

Wengi waliona ile barakoa ya mtoto ni usumbufu, na kweli ni usumbufu, mtoto wa miaka mitatu anaivua anaitia kwenye juisi. Lakini asilimia 95 ilikuwa na kazi yake: hao wakubwa waliochomwa ndio ukuta wa huyo asiyeweza kuchomwa.

Hili nililielewa vizuri siku moja mwaka huohuo 2021. Kijana mmoja alikuja zahanati jioni, tumeshafunga dirisha la dawa. Kapata mwaliko wa kazi Uarabuni, wanataka cheti cha korona. Akaweka noti mezani, akasema taratibu, "Dada, nipe cheti tu, sindano mpe mwingine." Nyumbani ana mtoto wa miezi minne, mkewe nilimzalisha mimi. Nikamuuliza, "Wewe ukirudi likizo, wa kwanza kukubeba ni nani?" Alinyamaza muda mrefu. Sitawadanganya kwamba alichomwa siku ile, hapana, alichukua noti yake akaondoka amekasirika. Alirudi baada ya siku nne, na mkewe.

Msifikiri mambo ya meli yameisha na korona. Februari 2024 Mauritius iliizuia Norwegian Dawn isiingie Port Louis, abiria zaidi ya elfu mbili, kwa sababu watu kama kumi na tano waliumwa tumbo na ikahofiwa kipindupindu. Vipimo vikatoka safi, wakashuka. Siku mbili tu, lakini fikiria umo humo na mtoto anaharisha.

Basi, mama yangu wa miaka kumi ya ndoa, jibu lako kamili ni hili. Tanzania inadai kadi ya njano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, wa mwaka mmoja na kuendelea. Wewe unatoka Vudee, na mdogo wako ana miezi saba. Miaka ya nyuma wapo waliotoka bara wakaulizwa kadi walipofika Zanzibar, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi mpigie simu wakala wa boti au watu wa afya wa bandarini. Wakikuambia lazima, usikimbilie sindano, njoo kwangu nikuandikie barua twende kwa daktari. Kuna utaratibu wa kimataifa wa daktari kuandika kwamba chanjo haimfai mtu fulani. Beba kadi za kliniki za watoto wote wawili. Mdogo mnyonyeshe kabla boti haijaondoka, isiwe wakati inayumba, na chukua kanga ya ziada, maana kutapika ni hakika.

Mkifika Changuu, yule mkubwa mwonyesheni lile jengo la karantini kabla hajawaona kobe. Akishawaona kobe hatasikiliza tena.

Sehemu ya 7 ni surua, Jumapili usiku, mtandao ukiruhusu.