Meitneri

Elementi namba 109 haichimbwi popote; hutengenezwa maabara. Agosti 29, 1982, mjini Darmstadt, Ujerumani, wanasayansi walivurumisha viini vya chuma kwenye bismuthi wakaambulia atomu moja, iliyosambaratika ndani ya milisekunde chache. Kwa muda elementi hiyo iliitwa unilenio, yaani moja-sifuri-tisa kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki.

Mwaka 1997 ikaidhinishwa rasmi kuwa meitneri, kumuenzi Lise Meitner, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna. Yeye na mpwa wake, Otto Frisch, ndio walioeleza mwaka 1939 jinsi kiini cha urani kinavyopasuka, lakini Nobel ya kemia ya 1944 kwa ugunduzi wa mpasuko huo alipewa mwanakemia Otto Hahn peke yake. Na mwaka huohuo wa 1997, hani, jina la kumuenzi Hahn lililopendekezwa kwa elementi namba 105, lilitupwa, ikaitwa dubni.