Siri Ziko kwa Kijana wa Kaunta

Karatasi ya kanuni anayopewa mwanafunzi akiajiriwa kwenye maktaba ya chuo kikuu haina maajabu. Fika kabla zamu yako ianze. Ukiugua, piga simu, usipotee tu. Usile kwenye kaunta. Vaa nguo za heshima. Rafiki yako akija, mhudumie kama mtu mwingine yeyote na usimfutie faini. Kisha, huko katikati, unakutana na mstari mmoja mfupi: usimwambie mtu mwingine msomaji anasoma nini.

Niliifanya kazi hiyo kwa mihula miwili, kabla karo inishinde nikaondoka chuoni bila digrii. Mambo ya kuchelewa na simu tulielezwa hadi tukachoka. Ule mstari wa siri ulisomwa mara moja, mbio mbio, bila sababu yoyote. Ni baada ya kuondoka ndipo nilianza kufuatilia ulikotoka, na nikaona kwamba kanuni nyingine zote ni adabu za kawaida za kazi yoyote ile. Hiyo moja ndiyo iliyowahi kumpeleka mtu jela.

Tuanze na mwanafunzi mmoja wa Marekani. Mwaka 1872 kijana anayeitwa Melvil Dewey alianza kufanya kazi kwenye maktaba ya Amherst College alipokuwa akisoma hapo. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwa namna iliyomkera, kila kimoja kikiwa na mahali pake maalum kwenye rafu, hivi kwamba maktaba ikikua, kazi inaanza upya. Akabuni mpango wa namba unaofuata mada, akauchapisha mwaka 1876. Ukiingia maktaba nyingi za shule hapa Kenya ukaona 960 kwenye mgongo wa kitabu cha historia ya Afrika, unaona kazi iliyoanzia kwa kibarua wa maktaba mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu ni hadithi tamu kwa mtu yeyote aliyewahi kusukuma kigari cha vitabu. Lakini Dewey huyo huyo alikuja kuwa mkubwa, na tabia zake zikawa aibu. Wanawake waliofanya kazi naye walilalamika kwamba aliwashikashika na kuwabusu bila idhini yao, na mwaka 1906 akalazimika kujiondoa kwenye shughuli za Chama cha Maktaba cha Marekani, chama alichosaidia kukianzisha. Hata hivyo, tuzo kubwa ya chama hicho iliendelea kubeba jina lake kwa miaka mingi. Ni mwaka 2019 tu ndipo baraza la chama lilipiga kura liondolewe. Zaidi ya karne moja, jamani. Kijana wa kaunta akichelewa dakika kumi anaandikiwa barua siku hiyo hiyo.

Namtaja Dewey kwa sababu mazungumzo kuhusu mwenendo kazini huwa yanatazama chini. Tunauliza kibarua amevaa nini, kama anatafuna chingamu, kama ameshika simu. Ni nadra kuuliza yule aliye juu anamdai nini kibarua huyo, au anamkinga na nini. Na hili swali la kumkinga ndilo linaloturudisha kwenye ule mstari wa siri.

Hebu fikiria jinsi maktaba zilivyoazimisha vitabu kabla ya kompyuta. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na mfuko mdogo wa karatasi, na ndani ya mfuko kadi. Ukiazima, jina lako au namba yako inaandikwa kwenye kadi, kadi inabaki kaunta. Kwenye maktaba zilizoandika majina, ungeweza kuchukua kadi ya kitabu kimoja ukasoma watu wote waliokipitia kwa miaka kumi. Na nani alizipanga kadi hizo jioni? Mara nyingi ni mwanafunzi. Profesa hakuwa na muda, mkutubi mkuu alikuwa kwenye mkutano. Mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndiye aliyejua nani anasoma nini.

Watu wa usalama waliligundua jambo hilo mapema.

Chama cha Maktaba cha Marekani kiliandika kwenye kanuni zake za maadili za mwaka 1939 kwamba habari za faragha za msomaji ni siri. Kwa miaka thelathini maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa amani. Halafu mwaka 1970, wakati wa vita vya Vietnam na mabomu ya hapa na pale, maafisa wa idara ya kodi walifika kwenye maktaba ya umma ya jiji la Milwaukee wakitaka majina ya watu walioazima vitabu kuhusu vilipuzi. Maktaba ilikataa mwanzoni, ikalegea baada ya mwanasheria wa jiji kusema wapewe. Januari 1971 chama kikatoa msimamo ulionyooka: rekodi za wasomaji zisitolewe ila kwa amri halali ya mahakama au chombo kingine chenye mamlaka ya kisheria.

Mwezi huo huo, kwenye mji mdogo wa Lewisburg, Pennsylvania, maafisa wa FBI walibisha mlango wa Zoia Horn, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Bucknell. Maktaba yake ilikuwa na kibarua mwanafunzi aliyeitwa Boyd Douglas. Douglas alikuwa mfungwa wa gereza la karibu, aliyeruhusiwa kutoka mchana kwenda kusoma chuoni. Ndani ya gereza hilo alikuwemo pia Philip Berrigan, kasisi aliyefungwa kwa kupinga vita. Douglas alimbebea barua kwa siri, akizipeleka na kuzirudisha kati yake na mtawa Elizabeth McAlister aliyekuwa nje. Wanaharakati wakamwamini. Kumbe nakala za barua hizo zilikuwa zinafika FBI.

Serikali ikawashtaki watu saba kwa madai kwamba walipanga kumteka nyara Henry Kissinger na kulipua mahandaki ya mabomba ya joto jijini Washington. Zoia Horn aliitwa kutoa ushahidi mwaka 1972. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ujasusi ndani ya maktaba na vyuo unaua uhuru wa kufikiri, na yeye hatashiriki. Alifungwa siku 20, akaachiliwa kesi ilipokwisha. Kuhusu njama yenyewe, wazee wa mahakama walishindwa kukubaliana. Kumi walitaka washtakiwa waachiliwe, wawili wakapinga.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama kisa cha Horn, na anastahili. Mimi huangalia pia yule mwanafunzi. Karatasi ya kanuni ya maktaba, hata ingeandikwa kwa herufi za dhahabu, isingemzuia Douglas. Alikuwa mfungwa. Waliomtumia walikuwa na uwezo wa kumwongezea au kumpunguzia taabu. Simtetei. Nasema tu kwamba ukitaka mtu atunze siri, angalia kwanza nani ameshika shingo yake.

Ndiyo sababu kisa cha tatu kinanifurahisha zaidi. Juni 1987, maafisa wawili wa FBI waliingia kwenye maktaba ya hisabati na sayansi ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walikuwa kwenye mpango wa kusaka majasusi wa Kisovieti miongoni mwa wasomaji wa majarida ya kisayansi. Hawakwenda ofisi ya mkurugenzi. Walimwendea karani wa kaunta, wakaanza kumuuliza kuhusu wageni kutoka nje wanaotumia maktaba. Mkutubi mmoja akayasikia mazungumzo, akaingilia kati, akawaelekeza kwa mkubwa wa maktaba, Paula Kaufman. Kaufman akakataa kushirikiana. Habari zikafika magazetini mwaka huo, na mwaka uliofuata kamati ya Bunge la Marekani ikaketi kusikiliza ushahidi, wa Kaufman ukiwemo.

Unaona tofauti? Karani wa Columbia hakuhitaji kuwa shujaa. Alihitaji mtu mwenye cheo asimame kati yake na beji ya FBI. Mtu huyo alikuwepo, akasema, "Njooni kwangu."

Sisi huku tusidhani ni mambo ya Wamarekani. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano Mwafrika hakuruhusiwa kuwa msomaji wake. Baadaye milango ilifunguka, lakini kusoma kwenyewe kukawa na hatari yake. Desemba 1977 polisi walipomchukua Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake, walipekua rafu zake na kuondoka na vitabu. Mwaka 1982 Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia, alifungwa miaka sita kwa kosa la kuwa na chapisho lililoitwa la uchochezi. Katika nchi ambayo karatasi uliyo nayo inaweza kukufunga, orodha ya nani ameazima nini si kitu cha kuchezea, na aliyeishika orodha hiyo kwenye chuo chochote alikuwa na maisha ya watu mkononi, awe alijua au hakujua.

Leo kadi za mifukoni zimekwisha. Maktaba nyingi za vyuo nchini zinatumia programu kama Koha, iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Kibarua akiingia kwa nywila aliyopewa, anaweza kuona msomaji, namba yake ya simu na vitabu alivyo navyo. Koha ina mpangilio wa kufuta jina la msomaji kwenye rekodi za kitabu kilichorudishwa, lakini lazima mtu aamue kuutumia. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa kanuni za maadili zinazomtaja mkutubi pamoja na wafanyakazi wengine wa habari. Kwa hivyo hata yule wa saa kumi kwa wiki yumo.

Na wanaouliza si polisi pekee. Ni mchumba anayetaka kujua kama fulani ameingia leo. Ni mzazi aliyepiga simu kutoka nyumbani, kwa upole sana, "mwanangu, niangalizie tu." Ni mhadhiri anayetaka kujua nani ana nakala ya pekee ya kitabu chake, na mhadhiri huyo ndiye atakayesahihisha mtihani wako. Huwezi kumwambia mtoto wa mwaka wa pili amkatalie mtu kama huyo kwa nguvu ya mstari mmoja uliosomwa mbio mbio.

Kama ningepewa kalamu niandike upya ile karatasi, saa za kufika ningeziacha kama zilivyo. Chini ya ule mstari wa siri ningeongeza mitatu. Wa kwanza ungeeleza sababu, kwa kifupi: watu wamefungwa kwa walichosoma. Wa pili ungekuwa na jina na namba ya simu ya mtu mzima wa kuitwa, mchana au usiku, na jibu rahisi la kumpa anayeuliza: "Sina ruhusa, ngoja nimwite mkubwa wangu." Wa tatu ungesema kwamba mwanafunzi akikataa kutoa siri ya msomaji, hatapoteza zamu, alama wala kazi. Chini yake pangekuwa na nafasi mbili za sahihi, na ya mkutubi mkuu ingetangulia.