Nyunzu: reli ilipita, watu wakabaki na baiskeli

Reli ya Kabalo hadi Kalemie, wakati ule Albertville, ilimalizika 1915. Kampuni ya CFL iliipitisha kwenye bonde la Lukuga ili mizigo ifike ziwani. Safari za wakaaji hazikuwa hesabu yake. 1955 upana wa reli ulitoka milimita 1,000 kuwa 1,067, ipate kuungana na ile ya Katanga. Tena mizigo.

Nyunzu ilikua kandokando ya kituo, na vita vimeiongezea familia nyingi za wakimbizi wa ndani. Treni isipopita, mihogo inabebwa kwa baiskeli, kwa pikipiki, au mgongoni mwa akina mama. Mpango wa barabara unaohesabu malori tu unarudia mawazo ya CFL. Njia ya miguu na vidaraja imara vya baiskeli vinagharimu kidogo kuliko lami.