Wakili, Kijana na Mkulima

Ndugu wanachama, chama chetu kikuu kinapotimiza miaka 10, ni desturi kuhesabu magunia, maghala na fedha zilizolipwa kwa wakulima. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumeonelea vema kueleza habari ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni elimu ya sheria: jinsi ilivyotoka katika ofisi za mawakili ikamfikia mkulima, na jinsi vijana walivyosaidia kuileta.

Ushirika wenyewe ni mtoto wa sheria. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU. Kuandikishwa kulikipa chama uwezo wa kumiliki mali, kufanya mikataba na kudai haki kwa jina lake chenyewe. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, na kuzijua haki ni jambo jingine. Siku zile mawakili walikuwa wachache, walikaa mijini, na lugha ya kazi yao ilikuwa Kiingereza.

Thamani ya wakili aliye karibu na watu ilionekana wazi katika nchi ya Meru. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha zao, wakashirikiana na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kwa sababu hiyo wenyeji wake waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao kwenye Umoja huo wenyewe. Mlango huo ulikuwapo, lakini ulihitaji mtu wa kuuonyesha na kuyapanga maneno ya wazee katika maandishi yanayokubalika. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York akawasemea watu wake. Umoja wa Mataifa haukuirudisha ardhi siku ile. Hata hivyo kilio cha wakulima wa mlimani kilisikika duniani, na Watanganyika wengi wakapata moyo. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha pamoja kitabu juu ya kesi hiyo, wakaacha kumbukumbu kwa vizazi.

Basi, nchi ilipokaribia Uhuru, haja ya wanasheria wazalendo ilikuwa kubwa. Mwezi wa Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, somo la kwanza kufundishwa lilikuwa sheria. Wanafunzi walikuwa wachache mno. Lakini kabla miaka ya 1960 haijaisha, walimu na wanafunzi wa kitivo hicho walikuwa wameanza kuwapa watu wasio na fedha msaada wa sheria bila malipo. Kazi hiyo ilikuwa na faida mbili kwa pamoja: mnyonge alipata shauri, na kijana alijifunza kwa mtu mwenye shida yale ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha.

Ushirika nao ulionja ukali wa sheria. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Mwaka 1982 sheria mpya ikaviruhusu tena. Tangu hapo yatupasa kujua kwamba kalamu inayotuunda ndiyo iwezayo kutuvunja, na asiyeisoma sheria hukuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

Katika miaka ya karibuni njia imepanuka. Mwaka 2007 ilitungwa sheria ya kuunda Shule ya Sheria, ambamo wahitimu wa vyuo hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili wakajifunze kazi kwa vitendo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili wala hawawezi kumwakilisha mtu mahakamani, bali huelimisha na kushauri huko vijijini. Na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama.

Ndugu wanachama, milango hii haitatufaa tukikaa nje. Bado wako kati yetu wanaotia dole gumba katika mkataba wa mkopo au wa pembejeo wasioufahamu. Shamba likiwekwa dhamana, ni riziki ya watoto iliyowekwa. Kwa hiyo twashauri kila chama cha msingi kichague kijana mmoja aliyemaliza shule ya sekondari, msichana au mvulana, naye chama kikuu kimwombee nafasi ya miezi michache katika ofisi ya wakili mjini. Hatarudi akiwa wakili. Atarudi akijua kusoma mkataba kabla haujatiwa sahihi, kutunza hati, kuchunga tarehe za rufani, na kufunga mdomo juu ya siri za watu. Wakili naye tumkaribishe kwenye mikutano yetu mikuu, aone jinsi zao linavyopimwa na jinsi malipo ya awali yanavyokatwa, maana asiyeijua mizani hawezi kuitetea haki ya mpimiwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo kwa miaka 10 sasa. Miaka 10 ijayo tuwalee vijana watakaolisoma kwa jicho la sheria, ili mwanachama yeyote asiipoteze ardhi yake kwa karatasi aliyoitia sahihi bila kuielewa.