Wakristo na kitanzi: historia ya hoja ambayo Tanzania haijaimaliza

Tarehe 27 Februari 1906 utawala wa Kijerumani uliwanyonga mjini Songea makumi ya viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Majimaji, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Kabla ya kupandishwa kitanzini, wengi wao walibatizwa na Padri Johannes Häfliger, Mbenediktini. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilikuwa imechomwa moto vitani, na Askofu Cassian Spiss alikuwa ameuawa Agosti 1905. Kwa wamisionari wa zama zile, kazi ya padri ilikuwa kuiokoa roho ya mhukumiwa, na hukumu yenyewe iliachiwa serikali. Kwa watu waliokuwa wakiitetea nchi yao, ubatizo huo ulikuwa rehema iliyoishia mlangoni mwa gereza.

Mawazo hayo yalikuwa na mizizi mirefu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinaidai damu ya mwuaji, na Paulo katika Warumi 13 anamtaja mtawala anayebeba upanga. Thomas Aquinas aliitetea adhabu ya kifo katika karne ya 13. Walutheri nao, katika Ungamo la Augsburg la 1530, walikubali kwamba Mkristo anaweza kushika madaraka na kuwaadhibu waovu kwa upanga. Wamennonite, waliofika Shirati mkoani Mara mwaka 1934, walitoka katika mapokeo mengine: tangu mwaka 1527 mababu wa imani yao walimkataza mfuasi wa Kristo kuushika upanga huo. Wanaopinga kunyonga huelekeza pia kwenye Yohana 8, ambapo Yesu anamwokoa mwanamke aliyekuwa apigwe mawe kisheria.

Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945, chini ya Waingereza, ilivuka Uhuru ikiwa na kitanzi chake. Aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hana hukumu nyingine ila kunyongwa hadi kufa, na neno la mwisho ni la Rais. Mzigo huo ulimwangukia kwanza Julius Nyerere, Mkatoliki wa kusali misa kila siku. Katika utawala wake alinyongwa Said Mwamwindi, mkulima wa Ismani aliyemuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi 1971. Mafundisho ya Kanisa lake wakati huo hayakumkataza.

Mwaka 1994 ndio serikali iliponyonga mara ya mwisho. Mwaka huohuo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaona kwamba Katiba yenyewe inairuhusu kwa maslahi ya umma. Miezi miwili baadaye Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wa Evangelium Vitae, akisema hali zinazohalalisha kuua mkosaji karibu hazipo tena. Agosti 2018 Papa Fransisko alikamilisha mgeuko huo: Katekisimu sasa inasema adhabu hiyo haikubaliki kabisa.

Kwa Mkristo wa Mtoni, Temeke, jijini Dar es Salaam, mambo haya yako karibu na nyumbani. Katika Temeke hiyohiyo iko Kurasini, yaliko makao makuu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na liko Gereza la Keko, wanakowekwa mahabusu wanaosubiri kesi, zikiwamo za mauaji. Wapentekoste hawana kauli moja juu ya jambo hili, na wengi bado wanasimama kwenye Warumi 13.

Septemba 2017 Rais John Magufuli, naye Mkatoliki, alisema hadharani kwamba hatatia saini hati ya kumnyonga mtu. Kauli ile ilikuwa ya dhamiri yake, haikuwa sheria. Majaji waliendelea kutamka hukumu ileile, na waliohukumiwa wakaendelea kusubiri, wengine kwa miaka mingi. Kuishi hivyo chini ya kitanzi ni mateso ambayo makanisa yangepaswa kuyasemea kwa sauti kubwa kuliko yalivyofanya. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunadhalilisha utu. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuirekebisha sheria, na mwaka huo ukapita bila kifungu kinachoilazimisha hukumu hiyo kuguswa.